Mkanda wa Harusi

Ndani ya kabati la chumbani kwangu kuna mkanda mmoja wa video ambao kwa zaidi ya miaka 20 sikuthubutu kuutia katika deki. Ubavuni umeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "Harusi, Des. 1991". Kila nilipohamisha vitu, niliuhamisha. Kila walipokuja watoto wakauliza una nini, niliwaambia umeota ukungu, haufai tena. Ukungu ulikuwa kweli. Lakini si ukungu uliokuwa ukinizuia, kama msomaji atakavyoona.

Mimi ni fundi. Nilianza hapa Ngamiani, Tanga, mwaka 1979, nikitengeneza redio na santuri, nikaingia kwenye kaseti, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980, pale milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa na jamaa waliokuwa Muscat na Dubai wakawa wanakuja likizo na maboksi, nikajikuta nimekuwa fundi wa deki. Kijana wa leo huenda asiamini kwamba Tanzania Bara deki zilitangulia televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo, ukiwaondoa wachache walionasa Zanzibar kwa antena za kwenye milingoti, mtu aliyenunua televisheni aliinunua ili aiunganishe na deki. Kioo kile kilikuwa cha filamu za Kihindi, cha ngumi za Hong Kong, na cha harusi.

Harusi za pwani zilibadilika mara tu kamera ilipoingia. Kinamama walianza kutazama taa ya kamera kabla ya kumtazama bibi harusi. Hata mama yangu, ambaye hakupenda kupigwa picha hata ya kitambulisho, siku ya kumwoza dada yangu kwa watu wa Mombasa alivaa kanga mpya na kupita mbele ya kamera mara tatu, akijifanya anatafuta sinia.

Mama alifariki mwaka 1998. Baada ya arobaini tulikaa, tukataka kuisikia sauti yake. Picha zake zilikuwepo, mbili au tatu. Sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye mkanda ule. Nikawaambia ndugu zangu kwamba deki yangu ni mbovu. Fundi wa deki anasema deki yake ni mbovu, na wao kwa heshima wakanyamaza.

Mwaka 2022 akaja mpwa wangu, mtoto wa huyo dada aliyeolewa Mombasa. Anaishi Manzese, Dar es Salaam, na kazi yake ni kutengeneza singeli. Kama hujui singeli ni nini, ni ule muziki uliozaliwa katika vigodoro vya uswahilini, wa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, ambao mtu wa umri wangu akiusikia kwa mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika. Mwanzoni vijana walichukua vipande vya taarabu, wakaviongeza spidi, wakavizungusha, na juu yake mtu akaghani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Dar, na tangu hapo vijana wa Manzese wanaitwa Ulaya kupiga katika matamasha makubwa. Mpwa wangu hajafika huko. Ana kompyuta iliyopasuka kioo na spika mbili nilizomtengenezea mimi.

Akaniamkia, akala, akanywa chai, kisha akasema, "Mjomba, mama ameniambia una mkanda wa harusi yao. Nataka nitoe vipande humo nitengeneze biti."

Nikamwambia hapana.

Alikaa kwangu siku tisa. Hakuniuliza tena habari ya mkanda. Kila usiku alinisikilizisha miziki kwa simu yake na kunieleza ilivyotengenezwa, na mengine nikaja kuyasoma mwenyewe baadaye. Mimi nilidhani kukata sauti za watu na kuzigeuza muziki ni utundu wa watoto wa kompyuta. Kumbe ni jambo la zamani kuliko mimi, na kisa kimoja cha mapema kabisa kinachojulikana kinatoka Afrika.

Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana mmoja aitwaye Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti kutoka kituo cha redio. Mashine za wakati ule zilinasa sauti kwenye waya wa chuma mwembamba. Aliubeba mzigo ule hadi kwenye zaar, ngoma ya kinamama wa Misri ya kutibu mwenye pepo, ambayo mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana. Akarudi na sauti zao, akazipitisha katika vyumba vya mwangwi na kuzirekodi upya, mara hii na mara ile, mpaka maneno yakayeyuka ukabaki mvumo tu. Matokeo yake yalisikilizishwa katika ukumbi wa maonyesho ya sanaa mwaka huo huo. El-Dabh alikwenda Marekani baadaye, akafanya kazi katika kituo maarufu cha muziki wa elektroniki cha Columbia na Princeton, akafariki mwaka 2017. Vitabu vingi havikumtaja. Humtaja Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, ambaye mwaka 1948 alikwenda kwenye stesheni ya treni ya Batignolles, Paris, akarekodi vichwa vya treni na kutengeneza muziki wa treni tupu. Tena hakuwa na mkanda; alitumia santuri, na aligundua kwamba mfereji wa santuri ukifungwa mduara, sindano hurudia kipande kile kile bila mwisho. Nilicheka niliposoma. Santuri ngapi zimeletwa kwangu kwa sababu "zinakwama", nami nikalipwa ili zisikwame!

Usiku wa nne akanisikilizisha kazi ya Mmarekani Steve Reich ya mwaka 1966, inayoitwa Come Out. Ni sauti ya kijana mweusi wa Harlem, Daniel Hamm, aliyepigwa na polisi, akieleza jinsi ilivyombidi aubonye uvimbe wake damu itoke, ili waamini ameumia wampeleke hospitali. Reich alichukua maneno machache tu ya mwisho, akayaweka kwenye mikanda miwili inayozunguka, na kwa kuwa haiendi sawasawa kabisa, sauti inaachana na nafsi yake taratibu, mpaka mwisho husikii tena mtu. Kazi ile ilitengenezwa kuchangia kesi ya vijana hao. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo nilimwomba mpwa wangu aizime. Nilijisikia kama nimemtazama mtu akizama.

Usiku uliofuata, labda kwa kuniona nimenuna, akaleta nyingine. Hii ndiyo iliyonigeuza, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mwaka 1971 jamaa mmoja alikuwa akipiga filamu kuhusu watu wasio na makazi mjini London, maeneo ya Elephant and Castle na stesheni ya Waterloo. Baadhi yao walikuwa walevi, wakaimba walipolewa. Mzee mmoja, ambaye hakuwa akinywa, aliimba wimbo mfupi wa dini. Filamu haikumhitaji. Vipande vilivyobaki akapewa mwanamuziki Gavin Bryars, naye akagundua kwamba wimbo wa yule mzee ukiuzungusha unajiunga wenyewe vizuri, mwisho kwa mwanzo. Akaupeleka Leicester alikokuwa akifanya kazi, akauacha unajinakili kwenye mkanda mrefu, mlango wazi, akashuka kunywa kahawa. Aliporudi, chumba cha jirani ambacho siku zote kilikuwa na zogo kilikuwa kimya. Watu walikuwa wakitembea polepole, na wengine wamekaa peke yao wakilia. Ndipo akaitungia ala za kuisindikiza, na mwaka 1975 ikatoka katika santuri kwa jina la Jesus' Blood Never Failed Me Yet.

Mimi ni Mwislamu na wimbo ule ni wa Kikristo, lakini sikuhitaji kuelewa Kiingereza chake. Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka kidogo, inapanda bila msaada wa ala yoyote, inashuka, inaanza tena. Kila ilipoanza tena nilidhani safari hii atashindwa. Hakushindwa.

Nikauliza, "Huyu mzee aliisikia?"

"Hapana, Mjomba. Alikufa kabla."

Nikatoka nje nikavuta sigara, na mimi nilikwisha acha sigara.

Niliporudi nilimwambia ukweli, na sasa namwambia msomaji. Mwaka 1993 rafiki yangu aliniazima filamu ya ngumi kwa usiku mmoja. Wakati ule sote tulikuwa tukinakili. Unaunganisha deki mbili kwa waya na asubuhi una filamu yako. Sikuwa na mkanda mtupu na duka lilikuwa limefungwa. Nikauchukua mkanda wa harusi, nikauzungusha mbele mpaka mahali nilipodhani harusi imekwisha, nikabonyeza kitufe. Haikuwa imekwisha. Nilifuta kumtoa bibi harusi, yaani mama akimwaga binti yake mlangoni na maneno aliyomwambia. Nilijua siku ya tatu nilipoitazama filamu. Mama alikuwa hai, chumba cha pili, anakohoa. Nikasema nitamwambia kesho.

Mpwa wangu hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza swali la kifundi, na nilimshukuru kwa hilo: "Ilikata ghafla au ilififia?"

Nikamweleza. Katika VHS, ambayo Wajapani wa JVC waliitoa mwaka 1976, picha na sauti haziandikwi mahali pamoja. Picha huandikwa na vichwa vilivyo katika gurudumu linalozunguka mara 25 kwa sekunde, mishazari, katikati ya mkanda. Sauti ya deki za kawaida huandikwa kwenye ukingo, kama kaseti ya muziki, isipokuwa kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde na mkanda wa video wa mfumo wetu wa PAL hutembea sentimita 2.34 tu. Ndiyo sababu sauti za harusi za zamani husikika kama watu wamefunikwa blanketi. Sasa ukirekodi juu ya kitu, kifutio cha picha kiko kabla ya lile gurudumu, kwa hiyo kuna kipande kinachoponyoka, picha mpya hupanda juu ya ya zamani, na kwa sekunde kadhaa kioo hujaa rangi za upinde wa mvua. Lakini kifutio cha sauti kimepakana na kichwa cha sauti. Sauti haififii. Inakatwa kama kwa kisu.

"Basi kuna neno limekatwa katikati," akasema.

Kesho yake tulifungua ganda la mkanda. Ukungu wa Tanga ni mweupe, unakaa kwenye kingo za mkanda uliojiviringa kama unga wa muhogo. Tulifanya kazi barazani, pua zimefungwa, kwa kitambaa laini na spiriti kidogo, tukauviringa kwa mkono pole pole na kuuhamishia katika ganda jipya. Nilimwonya kwamba huenda ukacheza mara moja tu. Mkanda wa zamani huchubuka, ile poda yenye sumaku inabaki kwenye vichwa, na ikibaki huko ndiyo imekwenda. Akaniambia kuna Mmarekani, William Basinski, ambaye mwaka 2001 alikuwa akihamisha mikanda yake ya miaka ya 1980 kwenda kwenye dijitali, akaona inachubuka ikiwa inazunguka. Hakuizima, akarekodi muziki wake ukifa, na kufa kwenyewe ndiko kukawa muziki. Nikamwambia huyo alikuwa na mikanda yake, hii ni ya bibi yako.

Niliweka sharti moja. Katika mkanda kuna khutba ya nikaha na kisomo, na hicho hakiguswi. Akasema hata kwa mawazo hakikumjia. Huko nje wapo iliowajia: Brian Eno na David Byrne, katika sahani yao ya mwaka 1981 iliyojengwa juu ya sauti za redio na za watu wa mbali, waliweka kisomo cha Kurani, Waislamu wa Uingereza wakalalamika, na toleo la mwaka 2006 halina kipande hicho. Naona walifanya vyema kukitoa, ingawa watu wa muziki husema mengi kuhusu uhuru wa msanii.

Deki yangu ilikuwa nzima, bila shaka. Niliibadilisha mpira wa kuzungushia na rola, nikasafisha vichwa. Kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016, kwa hiyo vipuri navitoa kwenye maiti za deki nyingine. Tukaunganisha na kompyuta. Nikabonyeza.

Ulicheza. Dakika 140 na kitu. Taarabu ikasikika chini ya blanketi lake, watu waliokwisha kufa wakapita na sahani za pilau, mimi mwenyewe nikapita, mwembamba, na nywele. Mama alipita mara tatu na sinia lake. Kisha mlangoni, kamera ikiwa imewaelekea watoto, sauti yake ikatoka nyuma, kubwa, ya kutoa amri: "Mwambieni dada yenu, akifika tu a..." Na hapo zikaingia rangi za upinde wa mvua, na Mchina mmoja akapiga kelele na kuruka juu ya meza.

Sekunde nne. Mpwa wangu alirudisha kipande hicho kwenye kompyuta, si kwenye mkanda, mara nyingi. Nilimwona uso wake umebadilika, nikajua kwamba hasikilizi tena kama mjukuu.

Nimesoma kwamba Marekani kuna kundi zima la wanamuziki waliojenga kazi zao kwa mikanda ya zamani ya video, matangazo ya biashara ya miaka ya 1980 na nyimbo zilizosahaulika. Daniel Lopatin mwaka 2010 alitoa kaseti ya vipande vya nyimbo za zamani vilivyopunguzwa spidi na kurudiwarudiwa, na mwaka 2011 akatoa sahani ya Replica iliyotengenezwa kwa sauti za matangazo ya televisheni. Wengine wengi wakamfuata. Wao hupunguza spidi. Sauti inakuwa nzito, ya usingizi, kama mtu anayekumbuka kitu asichokijua. Vijana wetu huongeza. Sina hakika kwa nini, ila nadhani mtu wa Manzese hana muda wa kusinzia.

Wimbo ulinifikia kwa simu miezi miwili baadaye. Mama yangu, kwa spidi ile, alikuwa na sauti ya msichana wa miaka kumi. "Akifika tu, akifika tu, akifika tu a, a, a," na ngoma zinamkimbiza, na kila baada ya muda yule Mchina anapiga kelele. Kosa langu la mwaka 1993 lilikuwa limewekwa katikati ya biti, pale pale lilipokuwa. Sikujua nikasirike au la. Niliusikiliza mara sita. Mara ya saba nilimkuta mguu wangu unacheza, nikauacha.

Kilichobaki kilikuwa dada yangu. Nilisafiri hadi Mombasa, kwa sababu jambo kama hili huliandiki kwenye simu. Nilimweleza yote, filamu ya ngumi, deki niliyoisingizia. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Miaka yote hiyo nilidhani ni panya." Hakusema nimekusamehe, na sikumwomba aseme. Akataka kusikia, kwanza mkanda wenyewe, kisha wimbo wa mwanawe. Wimbo ukachezeka hadi mwisho, naye kajifunika ukaya mdomoni, sikuweza kujua analia au anacheka.

Nikamuuliza: akifika tu afanye nini? Wewe ulikuwa mlangoni.

"Apige simu," akasema mara moja. "Posta ya Mombasa. Aliniambia hivyo njia nzima."

Shangazi yetu, ambaye yuko naye pale na masikio yake ni mazima kuliko yangu, akaingilia kutoka kitandani. Siyo simu. Simu ilitoka wapi nyumbani kwetu mwaka 1991? Alisema afungue sanduku, maana mlimtilia visheti vya moto na vingeharibu nguo.

Niliwaacha wakibishana.